Sentimita 9 kwa sekunde

Jumapili, hapa kwetu Umoja, Nairobi, nilitoboa kisanduku cha viatu, nikabandika kipande cha CD kuukuu ndani na kukielekeza kwenye taa ya mrija ya jikoni. Mpwa wangu akachungulia. “Mjomba, mbona rangi zimekatikakatika?” Ni zebaki iliyo ndani ya taa, kila mstari una mahali pake.

Mwanga wa nyota nao una mistari, ila ya giza. Sayari ikiivuta nyota yake, nyota huyumba na mistari husogea kidogo mno. Spektrografu (chombo cha kutawanya mwanga kuwa rangi zake) ya HARPS, iliyoanza kazi 2003 huko La Silla, Chile, hutambua mwendo wa nyota wa takriban mita 1 kwa sekunde. Nakipenda sana chombo hicho. Lakini Dunia hulitikisa Jua kwa sentimita 9 tu kwa sekunde! Ndiyo maana ESPRESSO, spektrografu nyingine inayolishwa mwanga na vioo vya darubini vya mita 8.2 kule Paranal, pia Chile, imefungiwa ndani ya tangi lisilo na hewa. Joto likiyumba kidogo tu, mistari husogea yenyewe.

Kisanduku chetu kilitikisika kila nilipokishika. Mpwa wangu akakiegemeza kwenye mkebe wa majani chai, akakataza mtu yeyote kugusa meza.