Nilivyozoea kupokea taarifa za Aktiki kwa sikio

Kabla ya kuhamia Winnipeg nilikuwa afisa wa redio melini, kwa hiyo Morse yenyewe, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, haikunitisha. Kilichonitoa jasho ni zoezi nililojitungia: kupokea kwa sikio taarifa za hali ya hewa kama zilivyotumwa miaka ya 1950 kutoka vituo vya Aktiki ya Kanada: Eureka, Isachsen, Mould Bay na Alert. Vituo hivyo Kanada na Marekani walivijenga kwa pamoja kati ya 1947 na 1950. Alert ipo zaidi ya nyuzi 82 kaskazini.

Nilirekodi Morse, nikaichanganya na kelele nilizonasa hapa nyumbani usiku wa tufani. Theluji kavu ikipeperushwa huuachia waya wa antena chaji, na redio hukwaruza mfululizo. Kule kaskazini hata ethi, yaani waya wa kuiunganisha redio na ardhi, ni taabu, maana ardhi iliyoganda haipitishi umeme vizuri.

Mwanzoni nilikimbizana na kila tarakimu. Mambo yalinyooka nilipoanza kusikiliza kwa makundi. Tarakimu hutumwa tano tano, na kila moja ina kiti chake. Chukua 83225: 8 ni mawingu, yaani anga imefunikwa yote, 32 ni upepo kutoka nyuzi 320, 25 ni kasi yake kwa noti (maili za baharini kwa saa), kama melini. Katika kundi la mgandamizo wa hewa, 132 ni milibaa 1013.2 (milibaa ni kipimo cha mgandamizo huo), na mpokeaji hujiongezea ile 10 ya mbele. Tarakimu ikimezwa na kelele naweka mkwaju (/), nasonga mbele. Sibahatishi: mchora ramani heri apate pengo kuliko upepo wa kubuni.

Kisha kuna ukimya, ambao kwangu ni mbaya kuliko kelele. Jua likilipuka, protoni humiminika kuelekea ncha ya dunia, na mawimbi mafupi hufyonzwa angani, pengine kwa siku kadhaa. Waendeshaji wa redio vituoni wangeweza kuhamia mawimbi ya masafa (frikwensi) ya juu zaidi au kupitishia ujumbe kituo jirani. Vipimo havikungoja: saa 00, 06, 12 na 18 za GMT taarifa iliandikwa, ikapangwa foleni.

Nami huizima rekodi, kisha hujimwagia rundo zima kwa mkupuo. Naanza na taarifa mpya kabisa, kwa kuwa mtabiri anaihitaji hiyo kwanza. Za ardhini sasa nazimudu. Zile za puto linalorushwa kupima hewa ya juu, ndefu na zenye tarakimu tupu, bado zinanipiga chenga.