Imla, ulimi na kalamu ndani ya dakika 35

Jumatano jioni, Kisumu.

Imla ya Kiingereza tumeigeuza mtihani wa tahajia. Mazungumzo yana siku yake, sarufi siku yake, na hayo matatu hayasalimiani. Ndiyo maana mtoto anafunzwa he (mwanamume) na she (mwanamke) Jumatatu, kisha Alhamisi anasema: My mother sells omena. He wakes at four. Si uzembe. Kiswahili husema anakuja, Dholuo, lugha ya Wajaluo wa huku, obiro, na hakuna inayouliza kama ni mwanamke au mwanamume. Kanuni ya ubaoni haing'oi mazoea hayo. Sikio, ulimi na mkono sharti vikutane kwenye sentensi zilezile, kipindi kilekile.

Kifungu kiwe cha maneno 50 hivi: mama na kaka wanauza samaki ufuoni Dunga, hapa Kisumu. Wawe wawili makusudi, ili he na she zigongane. Tangulia na dakika 5 za matamshi: sell na shell, sip na ship. Dholuo haina sauti ya sh, hivyo utasikia fis, hata sule. Wabinue midomo kama wanaonyamazisha darasa, kiganja mbele ya mdomo: pumzi ya sh huja pana na vuguvugu, ya s nyembamba na baridi. Bungoma ningebadilisha, kule kazi mara nyingi ni kutenganisha p na b: pig na big.

Kisha soma mara mbili kwa kasi ya kawaida. Kwanza kalamu ziwe chini. Mara ya pili waandike maneno machache tu. Hapa ndipo tunapoharibu. Kwa huruma tunasoma neno moja moja, watoto wananakili kila kitu, na hakuna kinachobaki cha kufikiria.

Sasa wakijenge upya kifungu kwa dakika 12, wanne wanne. Wakiwa sita, wawili husinzia. Kalamu ishikwe na yule mnyamavu, aandike anachosikia tu. Msemaji hodari akitamka sell badala ya shell, kosa linaonekana kwenye karatasi, na wenzake ndio wanaomrudisha nyuma. Napenda sana dakika hiyo, kwa sababu mwalimu hajasema lolote.

Mwishoni andika ubaoni vifungu vya makundi mawili, na kutoka kila he na she uchore mstari hadi kwa mama au kaka. Makosa ya nyakati yaache. Yana wiki yao. Ijumaa rudisha kifungu hichohicho chenye mapengo, na Jumatano ijayo wakisimulie bila karatasi.