Kutundika Daluga Pale Ulipoachwa

Usiku wa Ijumaa, tarehe 16 Agosti 2019, nilikuwa nimekaa na mjomba wangu kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira huku Magomeni, Mtwara, tukiitazama Athletic ya Bilbao ikifungua msimu wa Ligi Kuu ya Hispania dhidi ya Barcelona. Saa ilikuwa inakaribia sita ya usiku, hakuna aliyefunga, na watu kadhaa walikuwa wameshainuka kwenda kulala, ndipo Aritz Aduriz, straika mwenye umri wa miaka 38 aliyekuwa ameshatangaza kwamba huo ndio msimu wake wa mwisho, akaingizwa uwanjani dakika ya 88. Dakika moja baadaye Ander Capa alimimina krosi kutoka kulia, Aduriz akajigeuza hewani na kupiga tikitaka, mpira ukatinga wavuni na mchezo ukaishia hapo, bao moja kwa bila. Kibanda kizima kilisimama. Mjomba peke yake alibaki amekaa, ameinamisha kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini: "Huyu waliwahi kumwacha, mjomba. Hawa hawa."

Alikuwa anasema kweli. Aduriz, mzaliwa wa San Sebastián mwaka 1981, aliingia timu ya kwanza ya Athletic mwaka 2002, lakini baada ya mechi za kuhesabika aliondoka na kushuka hadi Burgos, katika daraja la tatu, kabla ya kupanda kidogo kidogo kupitia Valladolid. Klabu ilimrudisha mwishoni mwa mwaka 2005, ikamuuza Mallorca mwaka 2008, naye akapita Valencia na kurejea Bilbao kwa kipindi chake cha tatu mwaka 2012, akiwa na miaka 31, umri ambao huku kwetu kiongozi wa timu angeshaanza kumwita mzee. Ikumbukwe kwamba Athletic husajili wachezaji wenye asili ya nchi ya Wabaski, eneo la mpakani mwa Hispania na Ufaransa, au waliolelewa kisoka huko tu, kwa hiyo hodhi inalochota ni dogo mno, na kwa klabu ya namna hiyo kumwachia mtoto wa nyumbani aende zake si jambo jepesi hata kidogo.

Katika kipindi hicho cha tatu ndipo alipofanya makubwa yake yote. Agosti 2015 aliifunga Barcelona mabao matatu katika ushindi wa 4-0 wa mechi ya kwanza uliowafungulia Athletic njia ya kutwaa Kombe la Super la Hispania, taji lao la kwanza baada ya miaka 31, na Novemba 2016 akafunga mabao yote matano ya timu yake dhidi ya Genk katika Ligi ya Europa. Wapo wanaoliita jambo hili kisasi, nami sikubaliani nao, kwa sababu mwenye kisasi huenda kwa mahasimu na kuwafunga waliomwacha, hali huyu alirudi akawafungia.

Mjomba aliachwa akiwa na miaka 22. Timu ilikuwa ya ligi ya mkoa, na sitaitaja. Hakuna aliyemwita wala kumpigia simu. Majina ya waliobakishwa yalibandikwa kwenye mlango wa ofisi, nami nilikuwa naye siku hiyo, mtoto mdogo niliyeshika chupa yake ya maji. Nilimwona akishusha kidole juu ya karatasi ile kutoka jina la kwanza hadi la mwisho, kisha akarudia kuanzia juu, polepole zaidi, kama mtu anayedhani amekosea kusoma. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Baadaye alicheza Masasi, Nachingwea na Lindi mjini, akawa beki wa kati anayeheshimika, na kila msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho ulipofika alirudi shambani kumsaidia bibi.

Alipofikisha miaka 36, timu ile ile ilimtumia mjumbe. Kocha mpya alikuwa na vijana wengi wenye mbio na hakuwa na mtu wa kuwapanga nyuma. Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alikataa katakata, akamuuliza anarudi kwa watu waliomwona hafai kwa ajili ya nini. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa kwetu dada mkubwa hakatizwi, kisha akamjibu kwamba jezi ile aliianza na hakupewa nafasi ya kuimaliza. Akacheza msimu mmoja, huku goti la kushoto likiwa limefungwa kitambaa kila mechi.

Aduriz hakuupata mwisho alioustahili. Nyonga ilimshinda, na tarehe 20 Mei 2020 alitangaza kwamba anastaafu, kwa kuwa madaktari walimtaka afanyiwe upasuaji wa kuwekewa nyonga ya bandia ili aweze kuishi maisha ya kawaida. Soka lilikuwa limesimama kwa sababu ya korona, uwanja wa Athletic wa San Mamés ulikuwa umefungwa, na fainali ya Kombe la Mfalme dhidi ya Real Sociedad, timu ya mji aliozaliwa, ilikuwa imeahirishwa na haikuchezwa hadi Aprili 2021. Jambo hilo liliniuma sana, na bado linaniuma.

Mjomba yeye aliagwa. Baada ya mechi ya mwisho, katibu alisimama kwenye mchanga wa katikati ya uwanja na kusoma barua ya shukrani mbele ya watu wasiozidi mia moja, yenye mistari minne na mhuri wa zambarau, kisha akamkabidhi kwa mikono miwili. Barua hiyo anaihifadhi kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya shamba. Jina lake limekosewa herufi moja. Nilipomwomba nikairudishe ofisini ili wairekebishe, aliikunja haraka na kuniambia, "Iache hivyo hivyo, mjomba, haitoki tena humu ndani."