Kutoka majabali ya Dodoma hadi kichaka cha Itigi

Chukua ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji chochote hapa kati ya nchi. Utaona mashamba, malisho, makazi, shule na zahanati, kila kitu na rangi yake, halafu pembeni kuna kipande kimeandikwa "akiba". Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inakitambua kipande hicho, kwa hiyo si kosa la mchoraji. Tatizo ni kwamba anayeisoma ramani huona hapo shamba linalosubiri mtu wa kulifyeka. Kazi iliyonitoa Dodoma kuelekea magharibi ilikuwa kwenda kuangalia ndani ya akiba kuna nini, kabla wanakijiji hawajaipigia kura.

Tuliondoka mwishoni mwa Novemba, mvua za kwanza zimeshagusa ardhi. Ndani ya gari alikuwepo afisa ardhi, dada mmoja mtaalamu wa mimea, dereva asiyeamini kwamba mtu mzima anaweza kusafiri kwenda kuhesabu miti, na mimi mchora ramani. Msimu ulichaguliwa kwa makusudi. Kuanzia Agosti mpaka Oktoba picha ya setilaiti ya nchi hii haina msaada, maana kichaka kimepukutisha majani, shamba limebaki mabua, vyote ni kahawia. Mvua ya kwanza ikishuka, vichaka huchipua upesi wakati mashamba bado ni udongo mtupu. Setilaiti za Sentinel-2 hupita kila baada ya siku tano na picha zake ni za bure, kila doa likiwa mita kumi kwa kumi. Ukipata siku isiyo na mawingu kwenye wiki hizo, tofauti inaonekana bila hata kuvaa miwani.

Kituo cha kwanza hakikuwa mbali. Kabla ya Bahi tuliacha lami tukafuata vumbi la matipa. Dodoma inajengwa. Uamuzi wa kuifanya makao makuu ni wa 1973, lakini ujenzi ulipamba moto Serikali ilipohamia kweli, na tangu ulipotangazwa kuwa jiji mwaka 2018 mji huu unakula kokoto usiku na mchana. Kokoto hizo zinatoka kwenye majabali haya haya ambayo wapita njia wanayapiga picha.

Chini ya turubai lililochanika tulimkuta mama mmoja na nyundo, miguu ameinyoosha, lundo la kokoto mbele yake. "Mbukwenyi," akatusalimu. Afisa ardhi, ambaye ni Mgogo wa kwao hasa, akaitika vizuri na kuuliza habari za mvua, za watoto, za mifugo, ndipo akaingia kwenye shida yetu. Angeanza na karatasi zake tungerudi mikono mitupu. Mama akainuka, akajikung'uta vumbi, akatupandisha kwenye jabali. Akatuonyesha ufa uliolala, upana wake usiozidi vidole vinne, akasema tumulike.

Ndani kabisa, umbali wa mkono mzima, alikuwemo kobe bapa. Nilikuwa nimemwona kwenye picha tu. Gamba lake limebonyea kama chapati, rangi ya mchanga na mistari myeusi inayotawanyika kutoka katikati ya kila kigae. Mwanga ulipomfikia hakuingiza kichwa akatulia kama kobe wengine. Alisukuma miguu, akajikaza kwenye mwamba, ukamsikia akikwaruza. Mifupa ya gamba lake ni myembamba na ina matundu, kwa hiyo kujifungia ndani ya gamba hakumsaidii sana. Kinga yake ni mbio na ufa. Hutaga yai moja kwa wakati, na ukiondoa ufa wake hana pa kwenda, maana jabali la jirani linaweza kuwa ng'ambo ya mashamba. Anapatikana Kenya, Tanzania na kipande kidogo cha Zambia, basi. Wataalamu wa uhifadhi wamemweka kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, na tangu 2019 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES, kwa sababu wafugaji wa wanyama wa ajabu huko nje walikuwa wanamnunua kwa wingi.

Hapo ndipo nilipoelewa ugumu wa kazi. Nilidhani tungetenga majabali mazima kwa kobe na kuwaachia wavunja mawe yale yaliyopasuka. Kumbe mvunja mawe na kobe wanagombea jiwe moja. Jabali zima, la mviringo, halina ufa wa kujificha na pia linamshinda mwenye nyundo. Linalofaa ni lile lililobanduka kwa tabaka. Likiwashiwa moto likapoa, tabaka linaachia lenyewe. Mama alilisema hilo kwa ufupi kuliko mimi: "Huyu anakaa pale ninapopata hela." Hakulisema kwa uchungu wala kwa kutaka huruma, alikuwa anatueleza tu mahali pa kutafuta.

Mabishano yaliyofuata yalikuwa ya sisi kwa sisi, garini. Afisa ardhi alitaka kila ufa wenye kobe uwe nukta kwenye ramani, na jina la mnyama pembeni. Ramani ya mpango hubandikwa ofisi ya kijiji, kila mtu aione. Dada wa mimea akamwambia hiyo ni sawa na kumchorea mwizi njia. Mimi nilikuwa upande wake na bado niko hapo. Kobe huyu anaingia kwenye begi la shuleni, na atakayekuja na hela taslimu hatakosa kijana wa kumchomoa kwa waya. Mwishowe tulikubaliana kilima kizima kizungushiwe mstari pamoja na ukanda wa mita mia moja kukizunguka, kiandikwe "majabali, hifadhi ya kijiji", na nukta zenyewe zikae kwenye faili tofauti. Wavunja mawe wakaelekezwa upande wa kusini ambako tulimulika nyufa mpaka betri zikaisha bila kuona hata kinyesi. Sijui upande huo utawatosha kwa miaka mingapi. Jiji halipunguzi kula.

Bahi tuliipita haraka. Mbuga ile inayopokea maji ya mto Bubu ni ya kutazama kwa wiki nzima, ina mpunga, ina samaki, na ikijaa vizuri ndege wa majini huja kwa makundi. Lakini mpaka wake unahama kila mwaka kufuata mvua, na hayo ni mambo ya safari nyingine.

Baada ya Kintinku barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa. Dereva akapunguza gia, masikio yakaziba, hewa ikapoa, na nyuma yetu tambarare ya Bahi ikalala yote. Manyoni tulikunywa supu, tukampakia bwana nyuki, tukashika barabara ya Itigi. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa safari hii, maana watu wanaoingia kwenye kichaka kile kwa hiari ni warina asali.

Aliyelelewa kwenye msitu wa milimani atakidharau kichaka cha Itigi. Hakina mti wa kuinulia shingo. Vimo vyake ni mita tatu hadi tano. Lakini jaribu kuingia. Matawi yamesukana kuanzia magotini hadi juu ya kichwa, na ukijipenyeza ubavu mmoja, mwingine umenaswa. Chini ni mchanga mwekundu ambao kiangazi hukaza mpaka jembe linadunda. Uoto wa aina hii unapatikana hapa na ng'ambo, kusini mwa Ziwa Tanganyika, kwenye mpaka wa Zambia hadi Mweru Wantipa. Eneo lote kwa pamoja hukadiriwa kuwa kilomita za mraba 7,800 hivi, na sehemu kubwa imeshafyekwa pande zote mbili. Zamani faru weusi walijificha humu.

Mzee wa Kikimbu aliyetuongoza, tuliyemwita Babu kwa kuwa kila mtu pale alimwita hivyo, hakutumia panga. Alitembea kandokando ya kichaka mpaka akapata mlango: njia ya tembo. Tembo wanatoka mapori ya akiba ya Muhesi, Kizigo na Rungwa upande wa kusini, na mwili wao huacha mfereji ambao mtu anapita wima. Tuliingia kwa kufuata kinyesi. Kikavu, Babu anasema ni cha masika yaliyopita. Chenye mende, anasimama kidogo, anasikiliza, anaendelea. Mimi nilikuwa nyuma na kifaa cha GPS, nikirekodi njia yenyewe, kwa sababu ushoroba, yaani mapito ya wanyama, unaounganisha Muhesi na pori la akiba la Swagaswaga kule Kondoa na Chemba hauishi kwenye hifadhi tu, unapita kwenye ardhi za vijiji. Tangu 2018 zipo kanuni za kutenga shoroba kisheria. Kanuni hazijui tembo amepita mashariki au magharibi ya kisima cha nani, Babu anajua.

Dada wa mimea alifunga kamba mraba wa mita ishirini kwa ishirini na kuanza kutaja majina ya Kilatini kwa sauti, Babu akiyafuatisha kwa ya Kikimbu, mimi naandika yote mawili. Baphia, Bussea, Pseudoprosopis, Combretum. Shina moja alilishika muda mrefu, akakata kitawi chenye vijani vipya, akakilaza kwenye gazeti, akageuza jani moja ili mgongo wake uonekane, akafunika gazeti jingine na kukaza mikanda ya mbao. Alidhani ni Burttia, mmea uliopewa jina la B. D. Burtt, Mwingereza aliyefanya utafiti wa mimea Tanganyika wakati wa vita dhidi ya mbung'o na kufariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Kudhani hakutoshi. Sampuli itakwenda Arusha, kwenye hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, ilinganishwe na zilizopo. Hadi hapo kwenye jedwali langu itabaki na alama ya kuuliza, na ramani haitaitegemea.

Tulipotoka, mashati yamechanika, bwana nyuki alinionyesha jambo ambalo setilaiti haikunionyesha. Sehemu mbili zilizokuwa na rangi ileile kwenye picha yangu hazikuwa sawa hata kidogo. Moja ni kichaka cha asili, nyingine ni mahame: shamba lililoachwa, likaota vichipukizi vya aina mbili tatu. Mizinga yote ilitundikwa upande wa kwanza. "Nyuki hawadanganyiki na kijani," alisema. Basi kesho yake tulikwenda na warina asali wenyewe, kila mmoja akatupeleka mizinga yake ilipo, na mpaka wa kichaka halisi nikauchora kwa kufuata mizinga. Ulipungua kuliko nilivyouleta kutoka Dodoma.

Nina neno moja na mwongozo wa mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji. Una hatua sita, na moja kati ya hizo ni kuchora matumizi ya ardhi yaliyopo. Mwenye shamba yupo, mwenye ng'ombe yupo. Kichaka ambacho hakuna anayekilima kinahesabika hakitumiki, ingawa kina tembo, asali, dawa, na mimea isiyoota penginepo duniani. Hicho ndicho kinachoangukia akiba, na akiba ndiyo ya kwanza kugawiwa.

Mkutano Mkuu wa Kijiji ulifanyika chini ya mkwaju, karibu na ofisi ya mtendaji. Nilibandika ramani kwenye turubai, nikaanza kueleza, na swali la kwanza halikuhusu mmea wala mnyama. Mama mmoja alitaka kujua: mkishachora, hati za kimila tunapata lini? Watu wakapiga makofi. Ni swali la haki, kwa kuwa ahadi ya hati ndiyo iliyowaleta wengi pale. Kijana akafuata na la korosho. Zao hilo limeshika kasi Manyoni, wenzake wa kijiji kingine wameshapewa mashamba ya pamoja, na yeye alikuwa ameshajipimia ekari kwenye akiba kwa macho. Babu akasimama, akauliza nani kati ya vijana wale amewahi kulima mchanga ule mwekundu misimu mitatu mfululizo akavuna. Akanyoosha kidole kwenye mahame, palepale kwenye ramani. "Hapa alilima baba yako," akamwambia kijana. "Panda korosho zako hapa, pameshafyekwa."

Walibishana mpaka jua likazunguka upande wa pili wa mkwaju. Mahame yalipewa korosho. Kichaka chenye mizinga kikaandikwa hifadhi ya kijiji chini ya kikundi cha warina asali, na njia ya tembo ikaingizwa kwa upana wa mita mia tano, baada ya afisa ardhi kuomba elfu moja na kukataliwa. Mfugaji wa Kisukuma aliyekaa kimya muda wote akakumbusha kwamba ng'ombe wake wanapita njia hiyohiyo kwenda kisimani, na kisima kiko kijiji cha pili. Hilo halikupata jibu. Mtendaji aliandika kwenye muhtasari kwamba litahitaji mpango wa pamoja wa vijiji viwili, mwenyekiti akasaini, na sisi tukaomba kulala ili asubuhi twende kumwona mwenyekiti wa kijiji hicho cha kisima.