Tulivyofika Zermatt, mimi na shemeji aliyetaka gari

Mwenzenu nimekulia Moshi, theluji nimeiona tangu utotoni asubuhi Kibo ikifunguka mawingu lakini kuigusa sijawahi, kwa hiyo mke wangu aliposema tukishamaliza harusi ya binamu yake Zurich tusirudi Dar mpaka tukaone watu wanavyoteleza skii nikakubali fasta. Tukachagua Zermatt, kile kijiji cha Uswisi chini ya Matterhorn, ule mlima wenye ncha kama jino. Kazi ikawa kufika.

Shemeji, kaka yake mke wangu, yeye alitaka tukodi gari. "Shemeji, watu wazima na masanduku yetu tugombanie treni kama wanafunzi wa bweni?" Namheshimu shemeji, ila nikakaa usiku na simu nikaangalia njia zote, na kumbe Zermatt magari ya mafuta hayaingii kabisa. Hata ukija na gari la milioni ngapi unaishia Täsch, kijiji cha kilomita 5 hivi kabla, unaliacha pakingi unalipia kila siku halafu unapanda treni ya kama dakika 12. Na hapo hujafika Täsch bado, maana wakati wa baridi zile barabara za juu kama Grimsel na Furka zimefungwa, kwa hiyo ukitoka Bern aidha uzunguke kote Montreux na Martigny au uende Kandersteg, na Kandersteg gari ndo linapanda treni, unaliendesha mpaka juu ya behewa, mnakaa humohumo ndani gizani robo saa hivi mnapita chini ya mlima mnatokea Goppenstein. Nikamwambia shemeji, yaani gari lipande treni, kisha na wewe uliache upande treni, si bora tupande tangu mwanzo? Akanyamaza, akaagiza chai.

Basi treni. Kutoka Zurich unaenda Bern, Bern unaenda Visp, Visp unahamia treni nyekundu ya mlimani mpaka Zermatt, jumla masaa matatu na nusu hivi. Tungekuwa tunatokea Geneva ingekuwa rahisi zaidi kwa mtu mwenye mizigo, treni inafuata ziwa mpaka Visp bila kushuka, ila inachukua muda zaidi kidogo. Bei zao usiombe, lakini ukinunua mapema kwenye apu yao ya reli kuna tiketi za bei ya chini, nikazinunua wiki tatu kabla nikajiona mjanja. Masharti yake ni kwamba unabanwa na treni ileile uliyochagua, na hapo ndo nilipolia.

Ile treni ya Bern ina ghorofa, sisi tukakaa juu kwa ajili ya kuangalia nje, na kweli unaingia handaki la Lötschberg la kilomita 34 kuna ukungu unatokea upande wa pili jua limewaka, tukawa tunapiga picha tu, mara tunasikia Visp. Dakika za kubadilisha ni chache na masanduku matatu yako juu. Sanduku la shemeji limekwama kwenye ngazi, watu wamejazana nyuma, tunafika chini treni nyekundu inaondoka. Kosa ni letu, hivyo ikabidi ninunue tiketi nyingine za Visp mpaka Zermatt bei kamili, na shemeji akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mkipita huko kaeni chini karibu na mlango.

Iliyofuata tukaipata. Inapanda bonde taratibu zaidi ya saa nzima, kwenye miinuko mikali inashika reli ya meno katikati unasikia inanguruma. Ah na msipange kushuka mlimani siku hiyohiyo ya ndege, Januari 2018 theluji ilifunga barabara na reli watalii kama 13,000 wakakwama Zermatt, wengine wakatolewa kwa helikopta. Sisi tulirudi tukalala Zurich usiku mmoja.

Nje ya stesheni kuna taksi za umeme, ndogo za mraba kama friji zimelazwa. Shemeji na viatu vyake vya ngozi vya harusini anatembea kwenye barafu kashika ukuta. Mimi nikachota theluji kwa mkono mtupu nikaikamata mpaka vidole vikafa ganzi, mke wangu anapiga kelele taksi inatuacha.