Katani ilituangusha, tyubu ikatufikisha

Waliniita kwenye timu kwa sababu ya sheria, si kwa sababu ya mbio zangu. Haya mashindano ya kukimbia, baiskeli, kasia na kusoma ramani kwa mkupuo mmoja huwa na timu za watu wanne, na mara nyingi wake kwa waume lazima wawemo. Vijana watatu wa Chumbageni, hapa Tanga mjini, walishapanga njia yao ya kutwa nzima: mjini hadi Mapango ya Amboni kwa miguu, baiskeli kuzungukia Pongwe, kisha mtumbwi hadi kisiwa cha Toten na kurudi. Walichokosa ni mwanamke. “Dada, wewe kaa nyuma tu, utafika.”

Huko nyuma ndiko kwenye balaa. Tangu enzi za Raid Gauloises, mashindano ya awali ya aina hii yaliyoanza New Zealand mwaka 1989, timu inatakiwa kwenda pamoja. Mwendo wenu ni wa yule wa mwisho, na kwa miguu wa mwisho ni mimi. Baiskeli msiniguse, nimezaliwa Tanga.

Mwalimu mmoja wa mazoezi akatushauri tufungane kamba, mwenye pumzi amvute asiye nazo. Wazo halali, wakubwa wa mchezo huu wanafanya hivyo. Ila akasisitiza kamba ya katani: “Mko Tanga, mnatafuta nini kingine?” Tukatii. Katani haivutiki, jamani! Kaka wa mbele akiongeza hatua, mimi nadakwa kiuno. Akipunguza, kamba inalala chini naikanyaga. Njia nzima ya Amboni nilikokotwa kama mbuzi wa Idi, watoto wanashangilia. Kwenye baiskeli ndiyo usiseme. Kamba ililegea, ikajisokota kwenye gurudumu lake la nyuma, tukalala wote wawili kwenye vumbi. Mwalimu alipoambiwa, akasema hatukufunga vizuri.

Nikaenda kwa fundi wangu wa baiskeli Ngamiani, nikaokota tyubu zilizochoka. Alikataa hela, nikamwachia ya soda. Nikazikata, nikaziunga mbili. Mpira unavutika kwanza ndipo unakuvuta, kwa hiyo hakuna kushtuliwa. Mbele tunafunga chini ya siti, nyuma ni kitanzi ninachokishika na usukani, sifungi fundo kamwe: aliye mbele akikamata breki, naachia. Kwa miguu nakiingiza kwenye mkanda.

Mashamba ya mkonge yalitupotezea muda, mistari yote sawa na barabara zote sawa. GPS hairuhusiwi, kwa hiyo tulihesabu njia panda kwa dira mkononi.

Mtumbwini hatukuhitaji nguvu za mtu. Mzee mmoja mvuvi pale Deep Sea aliniuliza, “Mwanangu, mnatoka saa ngapi?” Nilipomjibu akacheka. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ya hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na sisi tulitaka kurudi wakati yanatoka, tukipingana nayo. Tukageuza ratiba, tukatoka na maji yakipwa, tukarudi nayo yakijaa. Na kasia ni kiuno, si mikono. Hilo nalo mwalimu alilisema kinyume.

Mkitaka kujaribu, chukueni tyubu ya baiskeli kubwa, inchi 28. Ya pikipiki ni nzito, na itawachubua.