Harufu ya tope la mikokoni

Wiki mbili zilizopita nilishuka Gazi, kijiji cha pwani ya kusini ya Kenya, kumwona mjomba, maji yalikuwa yamekupwa basi akanambia twende mikokoni akaangalie mitego yake ya kaa. Tangu nihamie Mombasa sikuwa nimeingia mle, na kitu cha kwanza kilichonipokea ni ile harufu. Tope linanuka yai bovu. Utotoni tulikuwa tunaziba pua tukipita na mi nimekua nikiamini kabisa ile ni harufu ya uchafu, ya mahali pamekufa.

Kumbe ndo harufu ya kazi. Nimeisoma sana hii mambo siku hizi na kila nikisoma nazidi kushangaa. Ukichimba sentimita chache tu mle hewa imeisha, sasa bakteria wanaoishi huko chini hawana oksijeni, wanatumia salfati iliyoko kwenye maji ya chumvi na gesi wanayotoa ndo hiyo inanuka. Na kwa sababu oksijeni hakuna, majani na mizizi ikifa haiozi haraka, inafunikwa na tope jipya, halafu lingine, halafu lingine, kwa hiyo ile kaboni ambayo mti uliivuta kutoka hewani inabaki mle miaka na miaka. Yaani kaboni nyingi ya msitu wa mikoko haiko kwenye miti unayoiona, iko chini ya miguu yako pale unapozama hadi magotini ukilaani.

Mjomba hajasoma hayo lakini anaujua huo msitu kuliko mimi. Akachuma jani la mchu, aina moja ya mikoko, akaligeuza akanambia, "Ramba, mjomba." Nikaramba. Chumvi! Upande wa chini punje zinametameta ukiliweka juani, mti unakunywa maji ya bahari halafu chumvi unaitoa kwa majani. Na chini yake mizizi imechomoza topeni imesimama wima kama penseli, mamia, kila mmoja una vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Maji yakijaa inazama, yakipwa inapumua tena. Nilikaa nikaitazama mpaka mjomba akachoka kunisubiri.

Halafu kaa. Nilimwona mmoja anaburuta jani la mkoko kubwa kumliko anaingia nalo shimoni. Majani anayokula na kuzika yanalisha wadudu wa topeni, hao wanaliwa na kamba na samaki wachanga waliojificha kwenye mizizi, nao wakikua wanatoka kwenda baharini, na huko ndo wavuvi wetu wanawakuta. Bibi alikuwa akipikia kuni za mkandaa, mkoko wa aina nyingine, zinawaka kweli kweli, na samaki chunguni ametokea msitu huo huo. Simlaumu, alikuwa na watoto wa kulisha.

Watu wakisikia bayosfia, yaani sehemu ya dunia yenye uhai, wanafikiria dunia nzima kama mpira mkubwa uliojaa uhai. Sivyo. Kutoka tunaposimama mpaka kiini cha dunia ni karibu kilomita 6,370, na sehemu yenye viumbe, kuanzia vilindi vya bahari mpaka wanakoruka ndege, haizidi sana kilomita 20, umbali ambao matatu inaumaliza kabla hujachoka kukaa. Vyote tunavyovijua vinaishi humo kwa kupeana, mmoja anatoa pumzi mwingine anaivuta. Ndo manake naogopa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi mpaka mikoko ya Mwache kule Mombasa ikafa eneo kubwa, mizizi ilifunikwa ikakosa hewa. Mti ulioweza kuishi na chumvi umeuliwa na udongo wa mashamba ya juu, ambako pengine hakuna hata anayejua mikoko ipo.

Hapo Gazi angalau watu wameshika. Mradi wa Mikoko Pamoja ulianza 2013, wanalinda hekta 117 na kupanda mingine, kaboni iliyohifadhiwa msituni inauzwa kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao wa hewa na hela inarudi kijijini kwenye maji na shule. Mi naiona ni heshima kubwa, wanakijiji kulipwa kwa kuuacha msitu usimame.

Kabla hatujatoka mjomba aliniokotea mbegu tatu za mkoko, zile ndefu za kijani zinazochipua zikiwa bado mtini. Nikazichomeka topeni sehemu iliyo wazi, mkono ukanuka mpaka usiku na sikuosha haraka. Jana amenipigia. Bamvua, yale maji makubwa, imepita, moja imekwenda na maji, mbili zimesimama.